Usikubali Kuhesabiwa Tu, Jifunze Kuhesabu

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya masomo na kazi za baadaye. Kwa kuwa mimi ni mtu wa elimu ya afya, najua wengi mnategemea nianze na malaria au Ukimwi. Leo naanza na Hisabati. Tafadhali, usifunge jarida!

Wapo kati yenu ambao wameshapanga mambo yao vizuri kabisa. Unasema, "Nikimaliza Kidato cha Nne nakwenda HKL au HGL. Chuo kikuu nachukua sosholojia, ustawi wa jamii au sayansi ya siasa. Mambo ya namba ndiyo basi tena." Sikulaumu. Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, tunasikia yale yale: Hisabati ndiyo iliyoangusha wengi. Nani anapenda kurudi kwenye njia aliyojikwaa?

Sasa sikiliza. Ukifika chuo kikuu kusoma sayansi ya jamii, namba zinakusubiri mlangoni. Kuna somo la mbinu za utafiti, kuna somo la takwimu, na kabla ya kuhitimu mara nyingi unatakiwa ufanye utafiti wako mwenyewe. Ipo programu ya kompyuta inayotumika sana vyuoni, inaitwa SPSS. Ilianza Marekani mwaka 1968, na herufi mbili za mwisho katika jina hilo mwanzoni zilisimama badala ya maneno "sayansi ya jamii". Umeona? Haikutengenezwa kwa ajili ya wahandisi wa madaraja. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe, wanaotaka kujua watu wanaishi vipi, wanaogopa nini na wanahitaji nini.

Mimi nilisoma sosholojia, na kazi yangu ya kuelimisha vijana inanidai nihesabu kila wiki. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja: mtu anayependa kusaidia watu lakini hawezi kusoma namba, atawasaidia kwa kubahatisha. Na kwenye afya, kubahatisha kunaumiza watu.

Wewe mwenyewe umo ndani ya namba

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Tulipatikana watu 61,741,120. Kama ulikuwa nchini usiku ule, na wewe umo humo. Namba hizo hutumika kupanga madarasa, zahanati, dawa na walimu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi afya ya watu nayo ni mali, na inahitaji daftari lake.

Tuseme mnataka zahanati ya kata yenu itenge saa za jioni kwa ajili ya vijana, kwa sababu asubuhi mko darasani. Mmoja wenu anasimama kwenye mkutano na kusema, "Vijana wengi wanashindwa kuja." Mwenyekiti anauliza, "Wengi ni wangapi?" Kimya. Hapo hoja imekufa, hata kama ilikuwa ya kweli. Lakini mwenzenu akisimama na karatasi yenye hesabu iliyofanywa kwa uangalifu, kumnyamazisha inakuwa kazi ngumu. Hiyo ndiyo nguvu ninayotaka uipate mapema.

Haya, tuingie kazini. Nitakuonyesha mambo manne, na hakuna hata moja linalozidi yale unayofundishwa kwenye mada ya Takwimu.

Kwanza: uliza "kati ya wangapi?"

Tuseme shule ina wasichana 200 na wavulana 300. Muhula huu wasichana 40 walikwenda kituo cha afya kupata ushauri, na wavulana 45 nao walikwenda. Nani wamekwenda zaidi? Mwenye haraka atasema wavulana, maana 45 ni zaidi ya 40. Wewe chukua kalamu. Wasichana 40 kati ya 200 ni asilimia 20. Wavulana 45 kati ya 300 ni asilimia 15. Kumbe wavulana ndio wanaobaki nyuma, na kama una kipeperushi cha kuhamasisha, anza na wao.

Hesabu hiyo ni ya asilimia, umeijua tangu shule ya msingi. Kilichobadilika ni swali. Kuanzia leo, ukisoma gazetini kwamba watu fulani ni wengi, jiulize: kati ya wangapi?

Pili: wastani unaficha watu

Chukua wasichana kumi. Umewauliza kila mmoja alikosa shule siku ngapi muhula uliopita. Majibu yao ni haya: 0, 0, 0, 1, 1, 1, 2, 2, 3, 20. Jumla ni siku 30. Gawanya kwa kumi, wastani ni siku 3. Ukiandika kwenye ripoti kwamba "kila msichana hukosa siku tatu", utakuwa umeandika jambo ambalo si kweli kwa karibu wote. Wanane kati yao walikosa chini ya siku tatu. Ukiwapanga na kutazama katikati ya mstari, namba ya kati ni siku 1 tu.

Sasa yule wa siku 20 ni nani? Anaumwa? Anauguza mama? Anafanya vibarua? Anapata hedhi yenye maumivu makali na nyumbani hakuna pedi? Namba haikujibu hayo. Imekuonyesha tu mlango wa kugonga. Kugonga, kukaa chini na kumsikiliza kwa heshima, hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesoma jamii. Ndiyo maana nasema hesabu na huruma hazigombani.

Mambo hayo yapo hata kwenye takwimu za taifa. Utafiti wa viashiria na matokeo ya Ukimwi wa mwaka 2022-23 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 4.4 wanaishi na VVU. Lakini wanawake ni asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Na ukitazama mikoa, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, karibu mara tatu ya wastani wa nchi. Mtu anayejua namba moja tu ya 4.4 hawezi kujua dawa na vipimo vipelekwe wapi zaidi.

Lakini hapa pana kasheshe. Wapo watakaosoma namba hiyo na kuanza kuwanyooshea vidole watu wa Njombe. Hilo ni kosa la kusoma namba vibaya. Kiwango hicho kinahesabu watu walio hai wanaoishi na virusi. Dawa za kufubaza virusi zinapowafanya watu waishi miaka mingi, wanaendelea kuhesabiwa, na hiyo ni habari njema. Pia asilimia ya mkoa haikuambii lolote kuhusu mtu mmoja uliyekaa naye kwenye basi. Habari zako wewe utazipata kwa kupima, basi.

Tatu: kipi kilitangulia?

Hili naomba ulisome polepole. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 uliuliza maelfu ya wanawake nchi nzima. Kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 22 walikuwa wamewahi kupata mimba. Ni zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano. Tafiti za aina hii pia zimeonyesha mara kwa mara kwamba wasichana waliofika sekondari wana mimba chache kuliko wale ambao hawakusoma.

Wengi tunakimbilia kusema: "Umeona! Shule inazuia mimba." Inawezekana sana. Msichana aliye darasani ana sababu ya kusubiri na ana watu wa kumsaidia. Lakini mchambuzi mzuri haridhiki haraka. Anauliza: je, shule ndiyo iliyozuia mimba, au mimba ndiyo iliyomtoa msichana shuleni?

Kumbuka kwamba kwa miaka mingi hapa Tanzania msichana aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule ya serikali na harudi tena. Ni Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Kwa hiyo msichana aliyepata mimba akiwa darasa la saba mwaka 2015 anaandikwa kwenye utafiti kama mtu asiye na elimu ya sekondari. Lakini je, ni ukosefu wa elimu uliomletea mimba, au mimba iliyomnyima elimu? Kwenye jedwali, mambo hayo mawili yanafanana kama mapacha.

Na ipo sababu ya tatu: umaskini. Unaweza kumkosesha ada na sare, na unaweza pia kumsukuma kwa mwanamume mwenye fedha. Hapo sababu moja imezaa matokeo mawili.

Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu jibu linabadilisha msaada. Kama shule inalinda, tujenge mabweni na tupunguze umbali. Kama mimba inafukuza, tuhakikishe aliyejifungua anarudi na mtoto ana wa kumlea. Kama ni umaskini, tusaidie kaya. Pengine ni yote matatu. Lakini anayesoma jedwali haraka haraka atajenga bweni, na dada aliyeko nyumbani na mtoto mgongoni atasahaulika. Tena huyo dada anaweza kuwa mliyekaa naye dawati moja mwaka jana.

Nne: watu hawasemi yote

Mwaka 1998 ulianza mradi mkubwa mkoani Mwanza ulioitwa MEMA kwa Vijana. Uliendeshwa na AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Yalichukuliwa maeneo 20. Kumi yalipewa huduma mpya: masomo ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, waelimishaji rika, na wahudumu wa zahanati waliofundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Kumi mengine yalibaki kwa ajili ya kulinganisha. Zaidi ya vijana 9,000 walifuatiliwa kwa miaka kama mitatu.

Kwa nini kuwe na maeneo ya kulinganisha? Kwa sababu kijana hukua. Miaka mitatu ikipita anajua mengi zaidi, kwa kusikiliza redio, kwa wenzake, kwa umri tu. Bila kulinganisha, mradi unaweza kujisifu kwa jambo lililokuja lenyewe.

Matokeo? Vijana wa maeneo yenye huduma walijua mengi zaidi kuhusu VVU, magonjwa ya zinaa na mimba. Maswali yaliyoandikwa yalijibiwa vizuri. Lakini walipopimwa, hapakuonekana tofauti ya uhakika katika maambukizi ya VVU kati ya pande hizo mbili. Kama watafiti wangeishia kwenye karatasi za maswali, wangepiga makofi na kurudi nyumbani.

Katika mradi huo huo walichunguza pia kama vijana husema kweli wakiulizwa. Waliwatazama wale ambao vipimo vilionyesha dalili kwamba wameshajamiiana, kama vile mimba au ugonjwa wa zinaa. Miongoni mwa hao, wavulana waliokubali mara zote walipoulizwa walikuwa asilimia 58. Wasichana walikuwa asilimia 29 tu. Usiseme ni waongo. Msichana anaogopa kupigwa, kufukuzwa, kusemwa kijijini. Swali likiulizwa vibaya, au mbele ya mtu asiyefaa, jibu linaharibika kabla halijafika kwenye kompyuta. Na kompyuta, hata iwe ya bei gani, haiwezi kulitengeneza.

Ndipo kazi ya watu wa sayansi ya jamii ilipoonekana. Walikwenda kuishi vijijini, wakalima na wenyeji, wakakaa nao jioni. Waliona jinsi zawadi na fedha ndogo ndogo zilivyoingia katika mapenzi ya vijana, na jinsi msichana anayejua kila kitu kuhusu kondomu anavyoweza kushindwa kuitaja mbele ya anayempa hela ya sabuni. Kujua ni hatua, kuweza ni hatua nyingine. Hili limebadilisha namna sisi waelimishaji tunavyofanya kazi. Siku hizi tukitoka shuleni hatuulizi tu, "Wameelewa?" Tunauliza pia, "Wana uwezo wa kufanya walichoelewa?"

Anza na daftari

Sasa unasema, "Sawa, lakini shuleni kwetu kompyuta ni mbili na moja mbovu." Hakuna neno. Anza na daftari la mistari, rula na penseli. Fanya hivi na wenzako wa klabu ya afya:

1. Chagua swali dogo lisilomdhalilisha mtu. Kwa mfano chandarua, kifungua kinywa, saa za kulala, au umbali wa kutoka nyumbani hadi shule. Masuala ya kujamiiana na hali ya VVU ya mtu yaache kwa wenye mafunzo na kibali. Kisha mwombe mwalimu ruhusa.

2. Litunge vizuri. Ukiuliza, "Unatumia chandarua?" wengi watasema ndiyo ili wakufurahishe. Uliza, "Jana usiku ulilala ndani ya chandarua?" Jana inakumbukwa, na haina mapambo.

3. Usiandike majina. Na jina si maneno mawili tu. Ukiandika "msichana wa Kidato cha Pili B anayetembea kwa magongo", umeshamtaja. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata pasipo sheria, siri ya mtu ni amana.

4. Chora jedwali. Hesabu kwa vijiti vitano vitano, geuza kuwa asilimia, chora chati moja. Gawanya majibu: wasichana na wavulana, wa bweni na wa kutwa.

5. Andika sentensi tatu tu. Ya kwanza: tumeona nini. Ya pili: huenda ni kwa sababu gani. Ya tatu: ni nini hatuwezi kusema kwa hesabu hii. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo itakayokutofautisha na wapiga porojo.

Ukipata kompyuta, jifunze Excel: kupanga, kujumlisha, kuchora chati. Ukifika chuo, ipo programu inayoitwa kwa herufi moja tu, R. Ilizaliwa New Zealand miaka ya 1990 na ni ya bure, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba uchambuzi ni wa wenye fedha. Ripoti za sensa na za tafiti za afya zinatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nazo zinasomwa bure kwenye tovuti yake. Chukua jedwali moja tu kwa wiki, litazame mpaka likuambie kitu.

Na Hisabati usiitupe. Hata kama hupati alama za juu, ng'ang'ania asilimia, uwiano, grafu, wastani na mada nzima ya Takwimu. Ukipenda Jiografia, utayakuta humo pia. Wenzako wa PCM watakuacha mbali kwenye milinganyo, waache waende. Lakini wao hawajui kumuuliza bibi wa kijijini swali akajibu kwa moyo mweupe. Wewe ukiwa na hayo mawili, kuuliza vizuri na kuhesabu vizuri, utahitajika mahali pengi: hospitalini, kwenye halmashauri, kwenye mashirika, kwenye vyombo vya habari.

Namalizia. Vijana mnaandikwa kila siku kwenye ripoti. Mnaitwa "kundi lililo hatarini", mnaitwa "nguvukazi ya taifa", mnawekewa asilimia. Mara nyingi anayeandika si kijana, na si lazima awe anakosea. Lakini kuna maswali ambayo ni nyinyi tu mnaoweza kuyafikiria, kwa sababu ni nyinyi mnaopita ile njia ya kichakani kwenda shule, na ni nyinyi mnaojua choo kipi hakina mlango. Usikubali kuhesabiwa tu. Jifunze kuhesabu.

Klabu yenu ikifanya hesabu yake ya kwanza, tuandikieni. Tupeni swali mlilouliza, jedwali lenu na zile sentensi tatu. Hasa ile ya tatu.